Hoja Kwanza, Kura Baadaye

Walimu wengi hudhani wamekwisha kutumia mbinu ya majadiliano pindi wanafunzi wanapoketi makundi makundi. Sisi hatukubali. Na tuutazame mchezo wa sataranji uliochezwa kwa njia ya intaneti mwaka 1999, baina ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia wakati ule, na watu zaidi ya 50,000 wa nchi nyingi, walioamua kila hatua yao kwa kura.

Kura peke yake isingewafikisha mbali. Vijana wanne waliwekwa kuwashauri, na mashabiki wakabishana juu ya kila pendekezo, wakikisia majibu ya Kasparov na kuyatupa mawazo yaliyovunjika. Katika hatua ya 10 walimfuata Irina Krush, msichana wa miaka 15 kutoka Marekani, wakampeleka malkia mahali pasipozoeleka. Kasparov alishinda baada ya hatua 62, lakini (na hili ndilo linalotupendeza) alikiri kwamba hakuwahi kuutolea mchezo mwingine juhudi nyingi kiasi hicho.

Basi mwalimu wa hesabu, Darasa la Tano, asianze kwa kuuliza, "Wangapi wanasema 48?" Kwanza kila mwenye jibu aeleze njia yake ubaoni, na mwenzake atafute mahali inapokatika. Huenda mtoto mnyamavu wa dawati la nyuma ndiye mwenye njia sahihi. Kura ikipigwa mapema atanyosha mkono pamoja na wengi, na mwalimu hatajua alilokuwa akiliwaza.