Mashine ya Kuoshea Vyombo Nyumbani: Maji Kwanza, Mashine Baadaye

Familia ikishaamua kununua mashine ya kuoshea vyombo, jambo la kwanza kuuliza dukani huwa ni bei. Tunakuomba uanzie nyumbani, kwenye bomba. Mashine hii hutegemea maji, joto na sabuni kali. Kimoja kikipungua, sahani hutoka zinang'aa huku vijidudu vingine vikibaki.

Kama mtaa wenu hupata maji kwa mgao na bado hamna tangi, hela hiyo nunueni tangi. Vyombo vilivyooshwa kwa maji ya moto na sabuni, vikasuuzwa kwa maji safi na kuanikwa juani kwenye kichanja, ni salama kwa wakubwa na watoto. Cha kuogopa ni kile kitambaa kibichi kinachofuta meza, kikafuta mikono, kisha kikakaushia sahani.

Maji ya nyumba yako

Mashine nyingi huhitaji msukumo wa maji usiopungua nusu baa. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi hupata baa moja kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo nusu baa ni mita 5 kutoka kitako cha tangi hadi mahali mashine inapoingizia maji. Simtanki iliyowekwa kwenye mnara mfupi nyuma ya jikoni haifiki hapo. Mashine itasubiri maji, itawasha taa ya hitilafu na kusimama, nawe utadhani umeuziwa kibovu. Fundi bomba akupimie kabla hujalipa. Msukumo ukiwa mdogo, mtahitaji pampu ndogo, na gharama yake ihesabiwe pamoja na ya mashine.

Kisha chungulia ndani ya birika. Ukiona magaga meupe yameganda chini, maji yenu ni magumu, yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo huganda kwenye kipashio cha mashine, huziba matundu ya kurushia maji na kuacha ukungu kwenye glasi. Nunua mashine yenye sehemu ya kulainisha maji, na uijaze chumvi maalumu ya mashine hizi, ya chenga kubwa. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu chenga zake ndogo na vitu vilivyochanganywa humo huziba mfumo huo.

Wenye visima vya Pwani tunawaomba wasome hapa mara mbili. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi ni tatizo jingine kabisa. Kilainishi huondoa chokaa tu. Chumvi ya bahari hakiwezi kuiondoa, nayo hula vyuma, visu na hata kuta za ndani za mashine. Kwa maji ya namna hiyo, ushauri wetu ni kutoinunua mpaka mpate chanzo kingine.

Umeme na ukubwa

Kipashio huvuta wati 2,000 hivi. Chomeka mashine kwenye soketi yake yenyewe ya ukutani, iliyofungwa waya wa ardhi na fundi umeme anayejua kazi yake. Usitumie waya wa ekstensheni unaopita chini ya sinki. Maji na umeme vikikutana kwenye sakafu yenye unyevu, mtu hufa. Ndugu akikutumia mashine kutoka Marekani, soma kwanza kibandiko chake: za kule hutengenezwa kwa volti 120, na zetu ni 230 au 240.

Programu ya kubana matumizi hutumia takriban uniti moja ya umeme na lita 10 hivi za maji, yaani nusu dumu, kwa mashine nzima iliyojaa. Huchukua saa 3 au zaidi, na watu wengi huona ni hasara. Sivyo. Umeme mwingi huenda kwenye kupasha maji, na programu hii hufidia joto dogo kwa kuosha muda mrefu.

Mashine ya upana wa sentimita 60 huingiza vyombo vya watu 12 hadi 14, na ya sentimita 45 vya watu 9 au 10. Hesabu hiyo imefanywa kwa sahani bapa, si kwa masufuria. Pima sinia lako kubwa la pilau kwa futi kamba, uende na kipimo hicho dukani, na uchague mashine ambayo trei yake ya juu inapandishwa.

Kinachoingia na kisichoingia

Sufuria za alumini, ambazo ndizo tulizo nazo wengi, zisiingie. Sabuni ya mashine ni kali na hula ngozi nyembamba inayolinda alumini. Sufuria huingia nyeupe ikatoka ya kijivu, na ukiipitishia kidole, kidole hubaki cheusi. Mwiko, kinu, mbuzi ya nazi na kibao cha kukatia vioshwe kwa mkono, kwani mti hunyonya maji ya moto ukapasuka. Chungu cha udongo nacho hunyonya sabuni, kisha kikaitoa kwenye mchuzi. Hotpoti na chupa ya chai huingiwa na maji katikati ya kuta zake, ambako hakuna wa kuyakausha.

Ukoko wa ugali ukwangue, mifupa na punje za wali zitupe, lakini usisuuze sahani hadi iwe safi. Huko ni kumwaga maji bure. Bakuli zielekee chini, na sahani zisigusane. Kabla ya kufunga mlango, izungushe kwa kidole ile mikono inayorusha maji. Ikigonga kipini cha upawa, trei nzima ya juu haitapata maji.

Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa kuhara, chagua programu ya nyuzijoto 65 au 70. Chupa na chuchu za mtoto mchanga zikitoka kwenye mashine, bado zichemshwe.

Chujio

Chini ya trei kuna chujio linalotoka kwa kulizungusha. Litoe kila wiki, ulisugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji yanayotiririka. Ukilikuta na utelezi na harufu ya uvundo, ujue maji yaliyosuuza sahani zako yalipita hapo. Futa pia mpira wa mlango, hasa kona za chini. Watafiti wa Slovenia waliokusanya sampuli kutoka mashine za nchi mbalimbali walichapisha matokeo yao mwaka 2011: zaidi ya nusu ya mashine zilikuwa na kuvu kwenye mpira huo, zikiwemo aina zinazoweza kumdhuru mtu mwenye kinga dhaifu. Mashine ikimaliza kazi, subiri ipoe, kisha uache mlango wazi kidogo ndani ikauke. Anayewasaidia kazi nyumbani afundishwe haya yote kwa vitendo siku ya kwanza, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye atakayeitumia.

Sabuni na watoto

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai humu. Povu litafurika hadi sakafuni. Ile ya mashine huja kama unga au vidonge vya rangirangi, na mtoto mdogo huona peremende. Huunguza mdomo na koo. Iweke juu, kwenye kabati linalofungwa, na kidonge kitiwe dakika ileile unayowasha mashine. Ncha za visu zielekee chini, na mlango usiachwe umelala wazi mbele ya mtoto anayetambaa.

Mtoto akiitia mdomoni, mfute na umsuuze mdomo kwa maji. Usimtapishe: sabuni ikirudi juu itaunguza koo mara ya pili. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, ukishikilia kope wazi. Kisha mpeleke hospitali hata kama amenyamaza na anacheza, na uende na pakiti ya sabuni ili mganga asome kilichomo.