Kadibodi Igeuke Mbao

Mwaka jana niliunda jahazi dogo la maonyesho kwa kadibodi, sentimita 30, kipimo cha 1 kwa 40. Yaani jahazi halisi la mita 12. Babu yangu alikuwa nahodha, na chombo chake kilikwisha kuvunjwa. Nilitaka akione tena. Nikakipaka kahawia tupu toka omo hadi tezi. Babu akakitazama, akauliza, "Mjukuu wangu, hiki chombo au chokoleti?"

Lo! Niliona haya. Akaniletea kipande cha ubao wa jahazi lake. Kumbe hakikuwa kahawia, kilikuwa kijivu! Jua huvunja lignini, ile gundi ishikayo nyuzi za mti, na mvua huiosha. Penye misumari palikuwa peusi, maana chuma chenye maji kikikutana na tanini ya mti huzaa wino.

Basi nikaanza upya. Kwanza paka gundi nyeupe iliyozimuliwa, la sivyo kadibodi itafura. Kwa kalamu iliyokwisha wino, kandamiza mistari ya mbao. Ubao wa sentimita 20 utakuwa milimita 5. Paka rangi ya maziwa yenye kahawia kidogo, kila ubao utofautiane na jirani yake. Ngoja ikauke kabisa.

Sasa chukua brashi kuukuu, chovya kahawia, ifute kwenye gazeti mpaka karibu iishe, kisha iburute kufuata urefu wa ubao. Usikate kamwe! Hapa wengi wetu huharibu kwa kuchora mistari minene na vifundo kama macho ya bundi. Hebu piga hesabu: mstari wa milimita 2 kwenye mti, kwetu ni sehemu ya 20 ya milimita. Hauchoriki huo, unadokezwa tu.

Halafu zimua rangi nyeusi iwe nyepesi kama chai ya rangi, ipitishe kwenye maungio, futa upesi. Tone dogo kwenye kila msumari. Mwisho, kijivu kikavu palipopigwa na jua. Ndani ya ngama usiguse, jua halifiki huko.

Nikampelekea babu. Alikigeuzageuza kimya, kidole kikafuata ubavu wa kushoto, kikasimama.

"Mbona hapa hujatia kiraka? Tulibadilisha ubao hapa."

Nikakimbilia brashi. Ubao mmoja, bila kijivu.