Pua ya gari: namna ya kufunga bomba la hewa baridi bila kuua moteri

Ndugu wafanyakazi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari ya kofia, viatu na maski. Leo tunatoka shimoni, tunaingia ndani ya lupango siku ya Jumapili, fasi ambapo vijana wetu wanafungua kapo za magari yao. Akina mama nao wasome, kwa sababu hasara ya kazi hiyo inalipwa na mfuko wa nyumba nzima.

Tuseme kijana mmoja wa ekipi ya matengenezo amenunua Subaru Impreza WRX, gari ya mbio yenye turbo, iliyotumika kwanza huko Japani. Gari ni nzuri. Lakini rafiki zake wamemwambia kwamba inavuta hewa kwa shida, na kwamba dawa yake ni bomba la hewa baridi. Ameagiza, kifurushi kimefika: bomba la aluminiamu linalong'aa, chujio jekundu lenye umbo la koni, mipira miwili ya kuunganisha na kolie nne za kukazia. Kijana anaanza kufungua sanduku nyeusi la plastiki lililo kando ya moteri. Mzee mmoja jirani, fundi wa zamani wa malori makubwa ya kariere, anasimama mlangoni.

— Mwanangu, sanduku hilo unaliondoa kwa nini?

— Baba, linazuia pumzi. Likitoka, gari itavuta hewa nyingi, itakimbia.

— Na maski yako ya kazi nayo inazuia pumzi. Mbona huiachi nyumbani?

Kijana akacheka, lakini akaweka ufunguo chini.

Mzee alisema kweli, na tupime kweli hiyo kwa hesabu. Ili esanse iungue sawasawa, kila kilo 1 ya esanse inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya esanse ina uzito wa karibu robo tatu za kilo. Kwetu Katanga, ambako Lubumbashi iko mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, basi lita ile moja inakula karibu lita 10,000 za hewa. Hiyo ndiyo hewa ambayo mtu mwenye kufanya kazi anavuta kwa saa 8 za zamu yake. Gari ikienda kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na kuunguza lita 12, imevuta hewa ya wanaume kumi na wawili kwa siku nzima ya kazi. Sasa ufikirie barabara ya mwezi wa nane, wakati malori ya madini yanapita na vumbi jekundu linasimama juu ya barabara kama ukuta.

Vumbi hilo si udongo laini tu. Ndani yake mna chembe za kwarzi, jiwe gumu linaloshinda kioo na kukwaruza chuma. Ni jiwe lile lile ambalo likiingia kwa miaka mingi ndani ya mapafu linaleta silikosi, ugonjwa ambao waganga hawana dawa ya kuuponya. Ndani ya moteri linapita kati ya pistoni na ukuta wa silinda, linachanganyika na mafuta, na mafuta hayo yanageuka kuwa kama sabuni ya kusagia chuma. Mwanzoni hutasikia kitu. Kisha gari inaanza kunywa mafuta, moshi wa buluu unatoka nyuma, na nguvu inapungua. Mtu anasema, «Moteri za siku hizi ni mbaya.» Moteri ilikuwa nzuri; alivunja pua yake mwenyewe.

Je, hewa baridi inasaidia kweli? Ndiyo, inasaidia. Hewa ikipoa inakuwa nzito, na ndani ya silinda ile ile unaingia uzito mwingi zaidi wa hewa. Kila digrii 10 za baridi zinaongeza karibu sehemu 3 kwa 100. Chini ya kapo, hewa inaweza kufika digrii 60. Nje iwe 30. Tofauti hiyo inatoa karibu sehemu 10 kwa 100, na si kitu kidogo. Lakini hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Sanduku la kiwanda halivuti hewa ya moto ya chini ya kapo. Lina mdomo wake unaoelekea mbele ya gari, unavuta hewa ya nje. Maana yake wale waliotengeneza gari walijua habari ya hewa baridi kabla yetu. Ukiliondoa na kuacha chujio la koni likiwa uchi karibu na moteri, umeacha hewa ya digrii 30 na kuchukua ya digrii 60. Sauti itakuwa kubwa, na kijana atasema anasikia nguvu, lakini anasikia makelele tu.

Tena kuna kosa lingine juu ya WRX. Watu wanaona tundu kubwa juu ya kapo, wanafikiri ndipo moteri inapopumua. Sivyo. Hewa ya tundu lile inaanguka juu ya radiateri ndogo inayopoza hewa iliyokwisha kusukumwa na turbo, kisha inatoka chini. Haiingii ndani ya silinda hata kidogo. Basi usihamishe chujio kwenda huko.

Mtu akitaka bado kufunga bomba lake, na afunge. Hatukatazi. Afanye kazi kama fundi, si kama mwizi wa usiku.

Kwanza gari isimame fasi sawa, breki ya mkono imevutwa, moteri imepoa kabisa. Turbo inashika moto muda mrefu baada ya gari kuzimwa, na mkono unaoteleza juu yake unaacha ngozi. Hata feni ya radiateri ni ya umeme. Kwa magari mengine inaweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati moteri imezimwa. Vua saa na pete. Kisha fungua waya wa batri, ule wa alama ya kutoa (−) mbele ya mwingine. Sababu ni hii: bodi yote ya gari imeunganishwa na alama hiyo. Ukianza na ule wa kujumlisha (+) na ufunguo wako ukagusa bodi, umeme wote wa batri utapita ndani ya ufunguo mara moja, utawaka mwekundu mkononi mwako, na batri inaweza kupasuka. Wakati wa kurudisha, waya wa kutoa unakuwa wa mwisho.

Mbabula ya makala ikae mbali. Tunasema hivyo kwa sababu tunajua mipango yetu: mama anapika bukari pembeni, baba anaosha vyuma kwa esanse ndani ya beseni, mtoto anapita katikati. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatembea chini kama maji mpaka unakuta moto, kisha moto unarudi kwenye beseni. Kwa kazi hii hauhitaji esanse hata tone moja.

Kabla ya kutoa bomba la zamani, futa vumbi lote kwa kitambaa chenye maji. Ukilitoa vumbi likiwa bado juu yake, litaanguka ndani ya tundu lililo wazi. Tundu hilo ukalizibe mara moja kwa kitambaa kikubwa, safi, cha rangi inayoonekana. Kitambaa kidogo kinasahauliwa, na moteri itakivuta. Kolie na skrubu zote zihesabiwe, ziwekwe ndani ya sahani. Skrubu moja ikianguka kwenye turbo inatosha kuvunja mabawa yake, kwa sababu turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Sasa tufike kwenye kitu kidogo kinachouma kuliko vyote. Ndani ya njia ya hewa, nyuma ya chujio, mna kipima hewa. Ni uzi mwembamba unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya moteri inajua uzito wa hewa kwa kuangalia umeme unaohitajika ili uzi ubaki na moto wake. Kwa hesabu hiyo inatoa esanse. Usiguse uzi huo kwa kidole wala kwa kitambaa. Na uangalie sana upana wa bomba jipya fasi ile ambapo kipima kinakaa. Likiwa pana kuliko la zamani, hewa inapita polepole juu ya uzi. Kompyuta inafikiri hewa ni kidogo, inapunguza esanse. Moteri ya turbo yenye hewa nyingi na esanse kidogo inaanza kugonga. Mgongo mmoja au miwili haisikiki ndani ya gari, lakini kwa moteri hizi za WRX pistoni inapasuka kati ya pete zake, na hapo umenunua moteri nyingine. Ndiyo maana bomba la namna hiyo halifungwi bila fundi mwenye chombo cha kupanga kompyuta upya. Duka likikuambia «funga tu, uende», duka hilo haliji kukusukuma barabarani.

Mpira mwembamba unaoleta mvuke wa mafuta kutoka moteri nao urudishwe fasi yake kwenye bomba jipya. Ukiacha tundu lake wazi, chujio lako la bei kubwa ni bure: vumbi litapita mlango wa nyuma. Kolie zikazwe, lakini si mpaka zikate mpira. Bomba lisiguse bodi, kwa sababu moteri inatikisika na bodi haitikisiki; baada ya miezi michache aluminiamu inatoboka kwa kusuguana.

Ukiwasha mara ya kwanza, washa nje. Si ndani ya garaji iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wa esanse una gazi ya kaboni, ambayo wachimbaji wanaijua: haina harufu wala rangi, inamlaza mtu usingizi na hapati kuamka.

Mabomba mengine yanashuka mpaka nyuma ya parashoki, karibu na barabara. Kweli hewa ya hapo ni baridi. Lakini mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na hapo mifereji ya njia inajaa. Chujio likizama ndani ya dimbwi, moteri inanyonya maji. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni inapanda, inakuta maji, bieli inapinda mara moja. Katika mashindano ya Safari ya Kenya ya miaka ya 1990 mafundi walijua jambo hilo vizuri: walipandisha bomba la hewa kando ya kioo cha mbele mpaka karibu na paa, kusudi gari ivuke mito na ipate hewa iliyo juu ya vumbi. Impreza ilishinda mashindano hayo mwaka 1997, Colin McRae akiwa dereva. Wao walipandisha pua juu, sisi tunaishusha chini kwa sababu ya umaridadi!

Gari ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha tena. Isukumwe mpaka kavu, fundi atoe mishumaa yote, maji yatoke kwanza.

Chujio la koni la pamba linafanya kazi kwa mafuta yake. Likikauka, vumbi dogo linapita. Linaoshwa kwa sabuni yake na maji, linakaushwa kivulini, kisha linapakwa mafuta kidogo kidogo. Mafuta yakizidi, yanarushwa juu ya uzi wa kipima hewa na kuudanganya. Usilipulize kwa hewa ya kompresa: pamba inachanika, na vumbi lote linalotoka linaingia ndani ya mapafu yako na ya watoto wanaokuzunguka. Tumeona baba anavaa maski kazini juma nzima, kisha Jumapili anapuliza chujio mbele ya uso wake bila kitu. Kwarzi haijui kama ni siku ya kazi au siku ya mapumziko.

Mzee jirani alimpa kijana jaribio moja ambalo halina bei. Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara ya vumbi, zima gari, ngoja ipoe, fungua bomba upande wa nyuma ya chujio, mbele ya turbo. Pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka cheupe, endelea, ukaangalie tena baada ya mwezi. Kikitoka chekundu, gari isiwashwe tena mpaka tundu lionekane: ni kolie iliyolegea, au mpira uliopasuka, au chujio lenyewe halifai. Kijana alifanya hivyo, na kitambaa kikatoka na mstari mwekundu upande mmoja, fasi ya kolie ya pili. Aliikaza, akaosha bomba, akarudia. Sanduku la zamani hakulitupa. Liko juu ya kabati, limefungwa ndani ya mfuko, na mwezi wa kumi atalirudisha mahali pake mpaka mvua ziishe.