Aliniambia, Hakuniuliza

Mdogo wangu wa Tabata, ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaiweka simu kando, asubuhi nikausoma tena. Umeniuliza swali moja: nimfuate mume wangu Dodoma au nibaki Dar na fremu yangu? Nitalijibu, sitalikwepa. Lakini katikati ya maelezo yako kuna sentensi umeipitisha haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango asiotaka kuugonga, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Umesema, "Hata mama mkwe alijua kabla yangu."

Niwaeleze na wengine kisa kilivyo. Mumewe ni mtumishi wa umma. Barua ya uhamisho ilitoka, ikakaa siku kadhaa kwenye begi la kazini. Alipokuja kumwambia mkewe, alikuwa ameshapata nyumba Ilazo, kule Dodoma, ameshalipa kodi ya miezi sita, ameshampigia mama yake, na ameshamwambia mdogo wake aje akae Tabata ili nyumba isibaki bila mwanamume. Mke ana fremu ya ushonaji, vyerehani vitatu, mafundi wawili. Watoto ni wawili: mmoja darasa la tatu, mwingine yuko chekechea, ana miaka mitano. Hakuna ugomvi ndani ya nyumba. Mume halewi, hapigi, matumizi anaacha. Ndiyo maana mdogo wangu huyu anajiona mkosaji kwa kuumia.

Hujakosa, mama. Umeambiwa, hukuulizwa, na hayo ni mambo mawili.

Anayekuambia amekuheshimu kiasi cha kutokukuficha, hilo tulikubali. Lakini jambo likikufikia limeshaamuliwa, kilichobaki mikononi mwako ni kulipokea au kugombana, basi. Anayekuuliza anakuja nalo likiwa bichi. Hata kama mwisho wake mtaamua vilevile alivyotaka yeye, utakuwa umelipika naye, na chakula ulichopika mwenyewe hata kikizidi chumvi unakila. Barua ya mwajiri haikuwa na la kuulizana, nakubali. Mtumishi akipangiwa kituo anakwenda. Lakini nyumba ya Ilazo ilikuwa na la kuulizana. Ujio wa shemeji ulikuwa na la kuulizana. Na hata siku ya kumpigia mama ingeweza kungoja saa moja.

Wadogo zangu, msidhani hili ni la wanaume peke yao. Kuna kina dada tunaingia vikoba vitatu, tunachukua mkopo wa kausha damu kwa siri, na mume anakuja kujua siku wanayokuja kubeba televisheni. Kuna anayemtumia mdogo wake ada kila muhula na kumwambia mume kwamba duka halijauza. Kumsaidia ndugu hakuna ubaya. Lakini mwenzio akigundua, hatahesabu shilingi ulizotoa. Atahesabu usiku aliolala karibu nawe bila kujua.

Sasa nikwambie yangu. Mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahamia Dodoma, mume wangu naye alifungasha. Wakati huo hakukuwa na treni ya umeme, na mabasi ya usiku yalikuwa yamekatazwa. Akitoka kazini Ijumaa hana gari. Alikuwa anapanda basi Jumamosi alfajiri, kilomita kama 450, anashuka Ubungo alasiri akiwa na vumbi hadi masikioni, na Jumapili asubuhi anarudi. Tulikuwa tunapata usiku mmoja. Na usiku huo mmoja mimi nilikuwa namwekea orodha: kodi, LUKU, bomba la uani, mtoto kashuka darasani, mama yako anataka nini. Siku moja alisinzia ameketi, kijiko mkononi. Nilikasirika, nikaenda kulala. Asubuhi aliondoka kabla sijaamka, na miezi miwili iliyofuata alikuja mara moja tu.

Kilichotuokoa kilikuwa kitu kidogo mno. Tulikubaliana kwamba mambo ya nyumba yana siku yake, Jumatano saa tatu usiku, kwa simu, watoto wakishalala. Kila mmoja na daftari. Jambo lisiloisha Jumatano linangoja Jumatano nyingine, isipokuwa ugonjwa na msiba. Jumamosi ikawa ya kula, kucheka, kumsindikiza sokoni, kulala. Mwanzoni niliona kama tunaendesha ofisi. Lakini kwa njia hiyo tulijenga tabia ya kuulizana, kwa sababu jambo lililopangiwa Jumatano haliwezi kufika likiwa limeshaamuliwa Jumatatu. Ukichukua kitu kimoja tu katika maneno yangu yote, chukua hiki, na siku iwe yoyote itakayowafaa.

Tuje kwenye fremu yako. Usiniambie "biashara yangu ndogo tu". Kaa chini na daftari, uandike miezi kumi na miwili iliyopita: umeingiza nini, umelipa mafundi nini, kodi ya fremu, umeme, uzi, na kilichobaki. Mshonaji ana misimu. Januari ni sare za shule, mwisho wa mwaka ni sare za harusi na vitenge vya sherehe, na kuna miezi ya katikati ambayo cherehani inalia njaa. Ukiangalia mwezi mmoja utajidanganya, ama kwa kujiona tajiri au kwa kukata tamaa. Andika pia kile kisichohamishika: wateja unaojua vipimo vyao kwa kichwa, na kilemba ulicholipa kuipata fremu ile. Dodoma watu wanavaa, na watumishi ni wengi, kazi utapata. Ila utaanza kama mgeni, na mshonaji mgeni hula mtaji mwaka mzima kabla jina halijasambaa. Mume wako hajui hesabu hii kwa sababu hujawahi kumwonyesha. Mwonyeshe. Wengi wao wanadhani tunashona kujishughulisha tu, mpaka waione kwenye karatasi.

Upande wa safari mna nafuu ambayo sisi hatukuipata. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma, Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa sh. 31,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu. Kwa viwango hivyo, yeye peke yake kuja Dar na kurudi ni sh. 62,000. Wewe na watoto wawili kwenda na kurudi ni sh. 124,000, mara mbili kamili. Angalieni nauli ya sasa, lakini uwiano huo ndio wa kuupigia hesabu. Mkisema aje kila baada ya wiki mbili, hiyo ni bili ya kila mwezi kama ya umeme, iandikwe kwenye bajeti. Isiwe fadhila anayowafanyia wala deni mnalomdai. Na tiketi za sikukuu za mwisho wa mwaka zikatwe mapema, maana kila aliye Dodoma anataka kupanda treni ileile.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi, maana kila nyumba ina dini yake na desturi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwekea mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, chakula na mavazi, na uhamisho haufuti wajibu huo. Sheria hiyohiyo inampa mke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Kwa hiyo pesa ya fremu ni yako, na kama unaiweka kwenye chungu cha nyumba, ifahamike kwamba umeiweka wewe. Sasa kutakuwa na gesi mbili, umeme mara mbili na kodi mbili, huku mshahara ukibaki uleule. Bila shaka utajikuta unaziba mapengo. Ziba, ila sema, "Mwezi huu nimeziba hapa na hapa." Pengo lililozibwa kimyakimya mwenzako halioni.

Umesema kwa mstari mmoja kwamba anawaza kununua kiwanja kule, na akiba ya fremu itasaidia. Hapo nakuomba usiwe na haya. Hati iandikwe majina mawili. Usimwambie kwa sauti ya mtu anayejiandaa kuachika. Mwambie kwa sauti ya mtu anayenunua, kwa sababu na wewe unanunua. Mali ikiwa kwa majina ya wote wawili, sheria inachukulia kwamba mna haki sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Ikiwa kwa jina la mmoja, inachukulia kuwa ni yake huyo mmoja, na mwingine ndiye anayebaki na kazi ya kuthibitisha. Ipo njia ya kuthibitisha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Lakini kwa nini uje kuthibitisha mahakamani jambo ambalo kalamu ingelimaliza siku ya kununua?

Sasa shemeji. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu najua ulivyolelewa. Kwetu ndugu hafukuzwi, na mke anayeuliza "anakuja kukaa mpaka lini?" anaitwa mchoyo kabla hajamaliza sentensi. Lakini wewe ndiye utakayebaki naye, mume akiwa mbali. Wewe ndiye utakayepika, utakayerudi kutoka kwenye fremu saa mbili usiku umkute sebuleni. Una haki ya kujua anakuja kufanya nini, kwa muda gani, atalala chumba gani, funguo atakuwa nazo au hapana, na akichelewa kurudi analala wapi. Na maswali hayo usimuulize shemeji. Muulize mumeo, na majibu ayapeleke yeye kwa mdogo wake kwa kinywa chake, wewe ukiwepo, kabla hajasafiri kwenda Dodoma. Maneno yakitoka kwa kaka ni utaratibu wa nyumba. Yakitoka kwako yanakuwa roho mbaya, na yatafika kijijini kabla ya magharibi. Hili usilegeze hata kidogo. Na kama moyo wako unakataa kabisa, kwa sababu unazozijua wewe, kataa sasa angali hajafungasha.

Mama mkwe mwache. Hana kosa. Mwanawe alimpigia, akapokea. Ukianza naye, mumeo atakuwa na kazi ya kumtetea mama yake, na lako litapotea humohumo.

Utaanzaje? Si kwa ujumbe wa sauti, wala si mbele ya watoto. Ngoja ameshakula, ameshaoga, televisheni imezimwa. Mwite kwa jina unalomwita mkiwa vizuri. Mwambie, "Barua nimeielewa, na Dodoma sina ugomvi nayo. Kilichoniuma ni kulisikia jambo likiwa limeisha. Naomba yaliyobaki tuyaamue wote." Halafu nyamaza. Najua utatamani kuongeza, utatamani kumkumbusha ya mwaka juzi. Nyamaza. Mwanaume aliyezoea kubeba maamuzi peke yake wakati mwingine anadhani anakupunguzia mzigo. Wengi wameona baba zao wakifanya hivyo na wakaita mapenzi. Mpe nafasi asikie.

Nimeahidi jibu, na hili hapa: usihame sasa. Kodi ya Ilazo imelipwa miezi sita, basi miezi hiyo sita iwe kipimo chenu. Fremu ibaki wazi. Mtoto wa darasa la tatu amalize mwaka pale alipo, asihamishwe katikati. Ila mwakani ana upimaji wa darasa la nne, kwa hiyo kama ni kuhama, ni bora awe ameshaanza shule ya kule Januari kuliko kuhamishwa akiwa katikati ya maandalizi. Likizo ya Desemba fungasheni wote mwende. Usiende kutembea, nenda kuishi: pika kule, nenda sokoni, tembea mitaa ya Ilazo uhesabu washonaji waliopo na uulize bei ya fremu. Sikia maji yao na upepo wao. Kisha, kabla hajalipa miezi sita mingine, mkae Jumatano yenu na madaftari mawili mezani. Nyie wengine ambao wote wawili ni watumishi, mnayo njia ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Ombeni mapema, maana barua hizo zina foleni. Mdogo wangu huyu hana mwajiri wa kumwandikia, mwajiri ni yeye mwenyewe.

Mkirudi kutoka Dodoma niandikie, nitakuwa nangoja. Na kabla hamjakata tiketi, mkalishe yule mkubwa wa darasa la tatu, umuulize naye anaonaje. Katika ujumbe wako mrefu wote umemtaja mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anaambiwa.