Kwa Nini Daktari Anakosa Nafasi ya Ubingwa Marekani

Mwongozo huu ni kwa madaktari waliohitimu Tanzania, Kenya na nchi jirani, wanaoomba nafasi ya kusomea ubingwa Marekani huku wakiendelea na kazi nyumbani. Kila Machi, mfumo wa kitaifa wa NRMP hutangaza nani amepangiwa hospitali gani. Kati ya wanaomaliza vyuo vya udaktari vya Marekani kwenyewe, zaidi ya 9 katika kila 10 hupata nafasi. Kati ya raia wa nje waliosomea nje, ni takriban 6. Wengi wa wanaokosa ni madaktari hodari ambao maombi yao yaliharibika miezi mingi kabla ya matokeo, na hilo linauma kwa sababu lilikuwa linaepukika.

Uhaba wenyewe ni wa kweli. Sheria ya bajeti ya mwaka 1997 iliweka ukomo wa nafasi ambazo Medicare, bima ya serikali kwa wazee, huzilipia hospitali. Siku hizi nafasi zimepita 40,000 kwa mwaka, lakini waombaji bado ni wengi zaidi. Hospitali inayopokea maelfu ya maombi haiwezi kuyasoma yote, hivyo huanza kwa kuchuja: umehitimu lini, umewahi kufeli mtihani, unahitaji viza gani. Ulizia masharti hayo kabla ya kulipa ada ya maombi. Zipo hospitali zisizopokea mwenye viza kabisa, nyingi hupokea J-1 pekee, na kwa H-1B lazima uwe umeshafaulu Step 3, hatua ya mwisho ya mitihani ya leseni ya Marekani (USMLE).

Tangu Januari 2022, hatua ya kwanza ya mitihani hiyo, Step 1, haitoi alama, hutoa kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo macho yote yako kwenye hatua ya pili, Step 2 CK. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili upandishe alama, na ukifeli, doa hilo hubaki kwenye kumbukumbu zako. Usiende kufanya mtihani huu ukitokea zamu za usiku mfululizo eti kwa kuwa tarehe imefika. Omba likizo, au sogeza tarehe.

Barua za mapendekezo zimewaangusha wengi wetu. Barua inayosema “ni mchapakazi, mwenye nidhamu, anaheshimu wakubwa” haimwambii msomaji chochote. Mwombe bingwa aliyekusimamia aeleze alichokiona: kwamba mama alipotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, benki ya damu ikiwa tupu, wewe ndiye uliyeongoza timu, na ulifanya nini kwanza, kisha nini. Mkumbushe kisa hicho kwa maandishi, maana ana wanafunzi wengi. Tafuta pia barua kutoka kwa daktari wa Marekani aliyekuona ukihudumia wagonjwa huko.

Chagua fani kwa kuzingatia hali halisi. Tiba ya ndani, tiba ya familia na watoto hupokea wageni wengi. Ngozi na upasuaji wa mifupa, wachache mno. Anayeomba fani ya pili aandike maelezo binafsi (personal statement) mapya ya fani hiyo, kwa kuwa wasaili hutambua upesi maelezo yaliyobadilishwa jina tu.

Baada ya usaili unapanga hospitali kwa upendeleo, na hapa uvumi ni mwingi. Utaratibu unaotumika tangu 1998, uliosanifiwa na Alvin Roth na Elliott Peranson, huanza na chaguo lako la kwanza. Ukikosa hapo, unashuka hadi la pili bila kupoteza chochote, kana kwamba ndilo uliloliweka juu. Kwa hiyo usibahatishe nani amekupenda. Panga unavyotaka kwa dhati, na usiiache nje hospitali iliyokusaili kwa sababu tu mji wake ni mdogo au baridi yake ni kali. Acha ile tu ambayo hungekubali kwenda, maana matokeo yanakufunga.

Jumatatu ya wiki ya matokeo utajua kama umepata. Ukikosa, na kama umetimiza masharti, ingia SOAP, ugawaji wa nafasi zilizobaki, unaoruhusu maombi yasiyozidi 45. Usipige simu wala kuandikia hospitali yoyote kabla haijakutafuta. Ni kinyume cha kanuni. Andaa maelezo ya fani mbili mapema, na omba ruhusa kazini kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambayo nafasi hutolewa.