Gugu la Maziwa na Kipepeo Wake

Kila mkulima ajua ya kuwa gugu ni adui wa shamba. Walakini si kila mmea uitwao gugu unaostahili jembe. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mmea mmoja wa Marekani ya Kaskazini, ambao wakulima wa huko waliung'oa miaka mingi, na sasa watu wengi waupanda katika bustani zao. Huitwa gugu la maziwa, kwa sababu jani lake likikatwa hutoka utomvu mweupe.

Sababu ya kuupanda ni hii. Yuko kipepeo mkubwa wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeusi, aitwaye Mfalme. Kila mwaka, baridi ikikaribia, vipepeo hawa kwa mamilioni hutoka Kanada na Marekani wakaruka hata milima ya Meksiko, na wengine huenda zaidi ya maili 2,000. Wataalamu hawakupajua mahali pao pa kupumzika mpaka mwaka 1975, ingawa wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakiwaona siku zote. Basi kiwavi wa kipepeo huyu hali kitu kingine ila majani ya gugu la maziwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wakulima wengi wamepanda soya na mahindi yasiyodhurika na dawa ya kuua magugu. Dawa ikapigwa shamba zima, gugu likafa, na vipepeo wakapungua sana.

Tena gugu hili limepata kuwafaa wanadamu. Katika vita kuu ya pili, usufi wa Java ulipokosekana, watoto wa shule wa Marekani walitumwa mwaka 1944 kukusanya maganda yake, ili nyuzi zake laini zijazwe katika makoti ya kuelea ya mabaharia.

Sasa tutazame namna ya kulitunza.

Kwanza, chagua aina ya mahali pako. Ziko aina nyingi. Aina ya maua ya machungwa hupenda udongo mkavu wa mchanga. Aina ya kinamasi hupenda unyevu. Aina ya kawaida hutambaa kwa mizizi chini ya ardhi, nayo haifai bustani ndogo. Zote hutaka jua la saa sita au zaidi kwa siku.

Pili, mbegu zake nyingi hazioti upesi zisipopata baridi. Kwa hiyo hupandwa kabla ya theluji, au huchanganywa na mchanga wenye unyevu na kuwekwa katika jokofu kwa muda wa siku 30 au zaidi. Zifukie robo ya inchi tu, na kati ya mche na mche uache inchi 18.

Tatu, mwagilia mche ukiwa mdogo, wala usiuhamishe ovyo, maana mzizi wa aina nyingine huenda chini sana. Usikate tamaa, mara nyingi maua hayaonekani ila mwaka wa pili au wa tatu.

Nne, usipige dawa ya wadudu. Wakitokea vidukari, waoshe kwa maji, ukiangalia kwanza mayai ya kipepeo chini ya majani. Ukiona majani yametobolewa, usihuzunike. Hiyo ndiyo mavuno yako.

Tano, nawa mikono, kwa kuwa utomvu ni sumu na huumiza macho. Usipande penye malisho ya mifugo. Sumu hiyo hiyo humlinda kiwavi, kwani ndege wakimwonja humtema.

Sita, panda mmea wa kwenu. Wengine hununua aina ya nchi za joto kwa uzuri wa maua yake. Penye baridi haba aina hiyo haifi mwaka mzima, na vijidudu vya ugonjwa hubaki juu ya majani na kuwadhuru viwavi wapya. Aliyekwisha kuipanda na aikate wakati baridi inapoanza.

Huenda msomaji akauliza: Habari za mbali kama hizi zatufaa nini? Kwetu Afrika ya Mashariki pia iko mimea ya ukoo huo, na yuko kipepeo wa machungwa, ndugu yake Mfalme, ambaye viwavi wake huila. Hatuna haja ya kuagiza mbegu za Marekani. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi mmea mmoja ukingoni mwa kiwanja cha shule, wakahesabu siku tangu yai hata kipepeo. Naye mzee wa kijiji, kabla ya kuamuru kichaka kifyekwe, na aulize kwanza ni nani alaye humo. Gugu ni jina tulilolitoa sisi. Kiwavi hulijua kuwa ni chakula.