Funga Kisigino Kabla ya Kuteremka

Muuza viatu alimwambia dada mmoja wa klabu yetu kwamba dawa ya vidole kuuma ni kuongeza namba. Akamuuzia buti zisizopitisha maji, namba moja zaidi ya mguu wake, kwa bei ya kununulia pea mbili nzuri. Jumamosi iliyofuata, mwishoni mwa Septemba, tulikuwa naye kando ya kijito cha Wissahickon, hapa Philadelphia. Hata mteremko wa pili hatujaufikia, ameshakaa juu ya jiwe, kiatu mkononi, kucha za vidole gumba zimeiva.

"Kaka, hizi buti zinanila," akaniambia.

Tangu siku ile nina hasira na muuzaji yule, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mambo ya maji ya kunywa na chakula mnayajua. Kwa msimu huu naongeza mawili tu. Kupe hawajaondoka, na hapa Pennsylvania wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo chomeka suruali ndani ya soksi na ujikague ukirudi, hasa nyuma ya magoti na kwenye kinena. La pili, ule mmea utambaao wenye majani matatu matatu, unaowahi kuwa mwekundu kabla ya miti mingine, usiuchume. Unawasha na kutoa malengelenge, na uzuri wake unawavuta watoto.

Jumamosi ile tulianzia Valley Green, tukavuka daraja na kushika njia yenye alama za rangi ya chungwa, tukifuata maji yanakoelekea Mto Schuylkill. Ng'ambo iko Forbidden Drive, barabara pana ya kokoto ambayo magari yalipigwa marufuku tangu miaka ya 1920. Huko hata mwenye kandambili atafika. Huku kwetu unapanda na kushuka juu ya mizizi na mawe yaliyojaa ulanga, unaometameta sawa na ule wa Milima ya Uluguru nilikokulia. Naipenda njia hii kuliko zote za jiji. Lakini majani ya kwanza yakishapukutika na kushika umande juu ya mawe hayo, hapakanyagiki ovyo, na mguu unaocheza ndani ya kiatu ni hatari.

Sasa somo lenyewe, nililofundishwa na mama mmoja wa klabu, muuguzi mstaafu. Legeza kamba zote, ingiza mguu, gonga kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa. Juu ya vidole kaza kidogo tu. Pale mguu unapopinda, zungusha kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kuvuta, ili mkazo wa juu usishuke mbele. Halafu njoo kwenye tundu la mwisho, lile ambalo wengi hawaligusi. Ingiza kamba upande wake uleule, usiivute yote, ubakize kitanzi kidogo kati ya tundu hilo na la chini yake. Fanya hivyo pande zote mbili. Ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini, kisha juu, ufunge kama kawaida.

Buti za dada zilikuwa na kulabu juu badala ya matundu. Hapo kamba inapanda moja kwa moja hadi kulabu ya juu kabisa, inashuka kwenye ya chini yake, ndipo unafunga.

Kwenye mteremko uzito wote unausukuma mguu mbele. Kisigino kisiposhikwa, kucha zinagonga ncha ya kiatu kila hatua, na namba kubwa inaupa mguu uwanja mrefu zaidi wa kuteleza. Muuzaji alipaswa kulijua hilo.

Nilimfunga mguu mmoja, wa pili akafunga mwenyewe. Akasimama, akateremka ile njia ya mawe hadi Devil's Pool, kijito cha Cresheim kinapoingia, na safari hii vidole havikugonga. Alifurahi mpaka akaanza kuwafunga wenzake. Tukavuka Fingerspan, daraja la chuma lenye umbo la kidole alilolibuni msanii Jody Pinto mwaka 1987, na tukarudi kwa Forbidden Drive akiwa mbele yetu.

Nilikusudia pia kueleza namna ya kuvuka maji kwa kukanyaga mawe, lakini buti zilezile zinanirudisha dukani. Tulipovuka, dada alikanyaga pembeni ya jiwe, maji yakamwingilia kwa juu, na kiatu kisichopitisha maji hakiyatoi pia. Alitembea na bwawa mguuni mpaka mwisho, wakati sisi wenye viatu vyepesi vya wavu tulikuwa tumeshakauka. Kwa kijito kama hiki, maji yakizidi kina cha kifundo, sioni sababu ya kumuuzia mtu kitu kile.

Nenda dukani jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zako za kutembelea. Funga kamba kama nilivyoeleza, kisha teremka ngazi mbele ya muuzaji. Kidole kikigusa mbele, mrudishie, ujaribu vingine.